Shika Sikio Tuone

Wanangu mnaokaa kwenye madirisha siku hizi, na kompyuta zenu na viti vyenu vinavyozunguka, hebu nipeni sikio kidogo. Mimi nilikaa dirishani kwenye kituo cha afya, kando ya barabara kuu iendayo Tunduma, tangu nikiwa binti wa kusuka nywele mistari mpaka magoti yalipoanza kulia nikiinuka. Watu walilisahau jina langu. Wa Ihanda, wa Ruanda yetu ya hapa Mbozi, hata wale waliopanda malori kutoka Ivuna na viroba vyao vya chumvi, wote waliniita Mama Dirisha. Hata mume wangu, Mungu amlaze pema, tukinuniana nyumbani alikuwa ananiambia, "Mwanamke, usinifungie dirisha."

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza. Mgonjwa anakuja, naangalia kadi ya bima ya kaya, naandika jina, halafu namtajia nyongeza yake. Hapo kwenye nyongeza ndipo palikuwa na shughuli. Kadi ilikuingiza getini, lakini dawa hukuziona mpaka uongeze hela hapo dirishani. Mtoto wa chini ya miaka mitano alikuwa haongezi kitu. Akivuka mitano tu, anachangia sawa na baba yake mwenye shamba la kahawa. Sasa mnadhani wamama wa Mbozi walifanya nini?

Waliwabeba! Jamani, waliwabeba mgongoni watoto wakubwa! Unamwona mama anaingia getini amejikunja, kitenge kimekazwa kifuani, na huku nyuma miguu miwili inaning'inia mpaka kwenye magoti ya mama, tena ina kandambili. Unamuuliza, "Mama, huyo ana umri gani?" Anakujibu, "Minne." Na huyo wa minne anachungulia begani, anakupa shikamoo yake vizuri kabisa, anauliza choo kiko wapi.

Vyeti vya kuzaliwa wengi hawakuwa navyo. Kadi za kliniki zilikuwa zimeungua, zimelowa, au zimeliwa na mbuzi. Mbuzi wa miaka ile walikula kadi kuliko majani. Ukimwambia mama akutajie tu mwaka, anakwambia ni ule mwaka mvua ya mawe ilipopiga kahawa, na mvua ya mawe ilikuwa inapiga kahawa ya mtu fulani kila mwaka. Ungefanyaje?

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Nzunda, karani wa dirisha aliyenitangulia. Kabla ya hapo alipima kahawa kwenye ghala la ushirika, na sisi tulimtania kwamba alichobadilisha ni mzigo tu. Alivaa koti zito hata Oktoba, na jua la Oktoba mnalijua. Alinusa ugoro, akapiga chafya, halafu akakasirika ukimwambia afya. Mbishi yule, weee! Lakini nilimpenda kama baba, na mpaka leo nikisikia mtu anapiga chafya ya nguvu huwa nageuka nikidhani ni yeye.

Yeye ndiye aliyeleta kipimo cha sikio. Zamani, mtoto alipopelekwa kuandikishwa shule, mwalimu alimwambia apitishe mkono juu ya kichwa alishike sikio la upande wa pili. Akilifikia, ameiva, anaanza darasa la kwanza. Asipolifikia, anarudi nyumbani akale ugali kwanza. Mzee Nzunda akakihamishia kipimo hicho dirishani kwetu. "Mama, mshushe mtoto. Mtoto, shika sikio tuone." Anayelishika anachangia. Asiyelishika anapita.

Nilikuja kugundua siri yake baadaye. Mkono wa mtoto haufiki sikioni akitimiza mitano. Unafika baadaye, karibu na sita, wengine hata saba. Kwa hiyo kile kipimo, pamoja na ukali wote wa Mzee na koti lake, kiliwapa wale wamama mwaka mzima wa ziada, wengine hata zaidi. Siku moja mganga wetu mkuu, ambaye sisi tulimwita Daktari tu, akamwambia, "Mzee, hiki kipimo chako kinachelewa." Mzee akamjibu, "Kinatoka mbali, Daktari, kinakuja kwa miguu." Daktari akacheka, akarudi chumbani kwake, na habari ikaishia hapo.

Wamama nao hawakulala. Waliwafundisha watoto nyumbani. Tulikuwa tunawaona, mtoto anapitisha mkono juu ya kichwa, ukikaribia sikio anaukunja kiwiko makusudi, anakunja na uso, anatoa na sauti ya kuugulia kama anayenyanyua gunia. Foleni nzima inakufa kwa kicheko. Mwingine mkono ulikuwa unafika mpaka shavuni, lakini sikio halioni! Mzee anamwangalia tu, anasema, "Haya, pita, fundi."

Na msidhani ni wadogo tu. Kadi ya kaya ilimtambua kijana mpaka miaka kumi na minane. Asubuhi ya siku ya pili yake anaamka mtu mzima, hana kadi, hana kazi, ana malaria. Alikuja mama mmoja kutoka Tunduma, mfanyabiashara wa mitumba, aliingia anasalimia "Mulishani" kwa mazoea ya kuuza na Wazambia, na kijana wake mrefu anainama ili apite mlangoni. Mama akasema, "Huyu ni mtoto wangu, yupo kwenye kadi." Mzee Nzunda akamwangalia kijana kutoka chini kwenda juu, akachukua muda kufika. "Mtoto ana ndevu?" Mama akajibu bila kupepesa, "Hizo ni za baba yake." Na kijana mwenyewe, anatetemeka kwa homa, anasema, "Mzee, mimi bado dogo kabisa." Tulicheka mpaka tukasahau kuuliza tena umri.

Nacheka sasa, lakini kumbukeni hawa walikuwa wanaumwa.

Kabla sijasahau, nishikeni haya machache, maana hata kompyuta zenu hazitawafundisha. Mgonjwa akifika, tazama miguu kabla ya uso. Uso unaweza kujikaza, miguu haiwezi. Aliyetembea kutoka mbali ana vumbi mpaka kwenye ugoko, na huyo mpe kiti kabla ya swali. La pili, teremsha sauti. Nilipoanza kazi nilikuwa nataja nyongeza kwa sauti ya sokoni, Mzee akanisogelea akaniuliza, "Binti, unauza dagaa?" Tangu siku hiyo nikawa nainama karibu na tundu la dirisha, naongea na mtu mmoja tu. Na msimwulize mtu kama ana hela. Muulizeni amejiandaaje. Mtu ambaye hakujiandaa atakwambia mwenyewe, na atakwambia akiwa bado ni mtu mbele ya wenzake.

Sasa niwaambie habari ya Tusekile, maana ndiyo iliyonifanya nikae niandike.

Ilikuwa mwezi wa pili, mvua zinanyesha, kahawa bado mbichi kwenye miti na maghala matupu. Msimu huo kila mtu hakujiandaa. Akaja mama mmoja aliyeolewa huku kwetu kutoka milima ya Ileje, Kiswahili chake kina ule mwinuko wa Kindali, mpole, amembeba binti mgongoni. Miguu inaning'inia, kandambili na zote. Kabla hawajafika dirishani nilimsikia anamnong'oneza mtoto, "Wakikwambia ushike sikio, useme linauma."

Na kweli lilikuwa linauma. Sikio la kushoto lilikuwa linatoa usaha, shavu limevimba, harufu unaisikia ukiwa umekaa. Yule mama hakuwa anamfundisha uongo. Alikuwa anamfundisha kusema ukweli, basi.

Nikamwambia kama nilivyowaambia wote. "Mshushe, mama. Mtoto, shika sikio tuone."

Sasa huyu mtoto, Tusekile, alikuwa na dada yake shuleni. Nyumbani alikuwa anashinda kutwa nzima anapitisha mkono juu ya kichwa, anaomba ufike ili naye aandikishwe. Akaniona mimi nimekaa, nina kalamu, nina makaratasi, namwambia maneno yale yale ya mwalimu. Aliwaza nini? Aliwaza hapa ndipo shule! Akainua mkono wa kulia, akaupitisha juu ya kichwa, akaukaza. Mama anamwita kwa Kindali, anamkanya, wapi! Vidole vikafika kwenye lile sikio lenye usaha, akalishika, akalikamata hasa. Machozi yalimtoka kwa maumivu, na huku mdomo unacheka. "Nimelishika!" akasema. "Niandike!"

Foleni ilianza kucheka ikanyamaza katikati. Mama akaangalia chini. Mimi nilishika kalamu na sikujua niandike nini. Kanuni ilikuwa kanuni, mtoto ameshika sikio mbele ya watu wote. Na huyu mama kahawa yake ilikuwa bado haijaiva.

Mzee Nzunda akatoka nje. Hakuwa na kawaida ya kutoka. Akanusa ugoro wake kwanza, akapiga chafya, akachuchumaa mbele ya yule binti, akaligeuza lile sikio kwa kidole kimoja, taratibu. Halafu akasimama na kutangaza, "Hili siyo sikio. Hili ni kidonda. Kanuni yetu inasema mtoto ashike sikio. Likipona, likawa sikio, aje tumpime."

Daktari alikuwa amesimama mlangoni kwake muda wote huo. Akauliza, "Mzee Nzunda, siku hizi unatibu?"

"Mimi napima tu, Daktari. Wewe ndiye wa kutibu, na unachelewa."

Basi akatibiwa. Sindano, matone, na Daktari alimfundisha mama kulikausha sikio kwa utambi wa kitambaa safi. Kwanza alimpima usikivu, na njia yake nawapa bure, maana haihitaji mashine. Alisimama nyuma ya mtoto, upande wa sikio bovu, akaziba lile zima kwa kiganja, akaita jina polepole. "Tusekile." Mtoto hakugeuka. Akaita tena. Hakugeuka. Mama yake aliona, na nikamwona anavyoona. Daktari akamwambia wazi kwamba likitibiwa litasikia, likirudia na likiachwa, atalipoteza moja kwa moja, na shule mtoto anaisomea masikioni.

Wakawa wanakuja, wanapita bila nyongeza, maana kidonda siyo sikio. Mpaka siku moja akaja ametembea mwenyewe, sketi ya bluu mpya inamfika kwenye vifundo, ameandikishwa shule. Mama yake anamkimbilia nyuma, ameona aibu. Mtoto akasimama dirishani akasema, "Limepona. Nimekuja kushika." Mama alikuwa amemwambia hakuna haja, mtoto amekataa katakata, eti alimwahidi babu mwenye koti. Daktari akasimama nyuma yake, akamziba lile zima, akanong'ona. "Tusekile." Akageuka. Kisha akapitisha mkono juu ya kichwa, akalishika sikio safi, kavu, la mtoto. Watu wakapiga makofi. Mzee Nzunda akampa mkono kama anavyopewa mtu mkubwa, akamwambia, "Sasa umekuwa mtu mzima. Pole sana."

Sikuielewa ile pole siku ile. Niliielewa mvua za mwaka uliofuata.

Sikio lilirudia. Mzee Nzunda alikuwa ameshastaafu, Daktari amehamishwa, na Tusekile sasa anakuja kwa miguu yake, mwanafunzi, hana pa kujificha. Niliinama kwenye tundu la dirisha, nikamtajia mama nyongeza kwa sauti ya chini. Akaitikia kwa kichwa. Akasema atarudi kahawa ikiuzwa. Nilimwambia aende kijijini akaombe barua ya msamaha wa nyongeza, akasema sawa, akamshika mtoto mkono wakaondoka. Nilikwenda kwao mwisho wa wiki na chupa ya matone niliyoinunua, nikakuta nyumba imefungwa. Jirani akaniambia wamerudi Ileje kwa wazazi wa mama. Hakujua kijiji gani.

Iliniuma sana, wanangu. Tangu hapo kila binti aliyepita dirishani nilimtazama sikio la kushoto. Nikiwa kwenye mnada Tunduma nikasikia Kindali, nauliza. Nikiwaza Tusekile namwona amekaa dawati la mbele, ameinamisha kichwa, mwalimu anamfokea kwamba hasikii, na ni kweli hasikii. Nimestaafu nikiwa na swali hilo.

Na bado nalikumbuka lile dirisha kwa upendo. Mbao zake zilikuwa zimeng'aa kwa viwiko vya watu. Maua ya kahawa yakichanua, harufu ilikuwa inaingia mpaka inashinda spiriti. Wamama walichambua maharage kwenye foleni, mwingine anakuachia kifungu cha chumvi ya Ivuna bila kusema neno. Leo foleni yenu kila mtu ameinamia simu. Nikipita hapo naona kama nimefika ugenini.

Lakini kuna kitu mmekipata ambacho sisi hatukuwa nacho. Juzi nilimpeleka mjukuu wangu Neema, ana miaka kumi na tisa, anajifunza cherehani Tunduma, jino limemvimbisha shavu. Nikawa nimeshafungua fundo la kitenge, nimeshika hela mkononi. Kijana wa dirishani akaangalia kadi, akasema, "Bibi, funga tu. Kwetu sasa mtoto na kijana aliye kwenye kadi hachangii nyongeza, mpaka amalize ishirini na moja."

"Hachangii kabisa?"

"Hata mia, bibi. Utaratibu mpya."

Nilibaki nimesimama pale, hela mkononi, Neema ananivuta, "Bibi, twende, watu wanapita." Nilikwenda kukaa kwenye benchi. Nilifurahi, halafu hasira zikanijaa, sikujua hata namkasirikia nani. Kumbe inawezekana! Kumbe muda wote ule iliwezekana!

Neema akaingia kwa daktari wa meno. Mimi nimekaa, getini akaingia mwanamke amejikunja, kitenge kimekazwa, na nyuma yake miguu miwili inaning'inia mpaka magotini. Nilikuwa sijaiona miguu hiyo miaka mingi. Miguu ya mama mwenyewe ilikuwa na vumbi jeupe mpaka kwenye ugoko, na mkononi ana kiroba kidogo cha chumvi, nikajua wametoka Ivuna. Huko habari zetu bado hazijawafikia. Wakasimama mbele yangu, wamenipa mgongo, mtoto anakohoa. Na yule mwanamke akageuza shingo kidogo, akamnong'oneza mtoto wake, "Wakikwambia ushike sikio, useme linauma."

Nimekaa dirishani umri wangu wote, wamama walifundisha kukunja kiwiko, walifundisha kuugulia, walifundisha kulia. Hilo neno nililisikia kwa mtu mmoja tu.

Nikainuka, magoti yanalia. Nikasogea nyuma yake, upande wa kushoto. Sikuthubutu kumziba sikio zima, ningeanzia wapi. Bahati nzuri mtoto alikuwa amelaza kichwa kwenye bega la kulia la mama yake, nywele zake zimeliziba lile sikio zima. Nikaita polepole, kama alivyokuwa akiita Daktari.

"Tusekile."

Akageuka kabla sijalimaliza jina.

Tulitazamana. Alinitambua kidogo kidogo. "Mama Dirisha?" Nikaitikia kwa kichwa, machozi yananitoka mbele za watu. Akaniambia mambo yote kwa mkupuo, kwamba kule Ileje babu yake aliuza mbuzi wawili, wakamtibu, na kwamba ameolewa Ivuna, na kwamba binti yake kifua kinambana, na kadi anayo, ila nyongeza hakujiandaa.

"Mshushe, mwanangu," nikamwambia. "Mshushe atembee. Hapa hawapimi tena masikio."

Hakunielewa mara moja, na mimi nisingemlaumu. Nikalilegeza fundo la kitenge mwenyewe, mtoto akateleza chini, miguu ikagusa sakafu. Mgongo wa mama yake ukanyooka, nikausikia unavyonyooka. Mtoto akatuangalia wawili sisi, amechanganyikiwa, akauliza, "Kwa hiyo nishike au nisishike?"

"Shika, mama," nikamwambia. "Shika unavyotaka."

Akapitisha mkono juu ya kichwa, akalishika sikio lake mpaka mwisho, akacheka huku anakohoa. Na kule dirishani hakuna hata aliyemtazama.